Omu Kumi na Sita

Kwa siku ya nne mfululizo Inspekta alimkuta mwanamume yule kwenye benchi la mapokezi, kofia mapajani, vidole vimejaa makovu madogo ya mabati. Alikuwa fundi bati, mtengenezaji wa majiko ya mkaa, na mtaa mzima ulimwita Mzee Majiko. Jumatatu asubuhi mke wake alikuwa ameungua hadi kufa kwenye chumba cha kupigia pasi cha duka la dobi alikokuwa akifanya kazi. Mzee Majiko ndiye aliyefungua lalamiko dhidi ya fundi umeme aliyefunga hita mle chumbani, na kila kukicha alikuja kuuliza swali lilelile.

"Amekiri?"

"Bado, mzee wangu."

"Leo je?"

"Leo saa nane mchana jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka, akiri asikiri. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Nikapumzike wapi, mwanangu? Nyumba ile haikaliki. Nitakwenda karakana nikagonge bati, angalau kuna kelele."

Inspekta akapita. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mrefu, mwenye tabia mbaya ya kutoamini jambo lililonyooka kupita kiasi, na jalada hili lilinyooka mno. Fundi alifunga hita kwenye kabati la kukaushia nguo. Kabati likashika moto. Mtu akafa. Mkuu wa kituo alikwisha andika kosa kwa kalamu nyekundu: kuua bila kukusudia, kwa uzembe wa kazi. Kilichobaki ni saini ya mpelelezi. Lakini kulikuwa na kitu kilichomkera tangu Jumanne, nacho ni fyuzi. Fyuzi huwekwa ili ikatike mambo yakienda kombo. Hii haikukatika.

Akaagiza mahabusu aletwe.

Fundi umeme aliletwa miguu mitupu, mkanda wa suruali umechukuliwa, akiishikilia kiunoni kwa mkono mmoja. Wateja wake walimwita Fundi Kalamu, kwa sababu ya penseli aliyozoea kuichomeka nyuma ya sikio. Polisi walikuwa wameichukua pamoja na mkanda, ila vidole vyake bado viliitafuta pale pale kila alipofikiri.

"Kaa," alisema Inspekta. "Niambie tena ulichofanya kwenye lile kabati. Taratibu. Mimi na hesabu tuliachana darasa la saba bila kuagana."

Tabasamu lilitaka kumjia fundi usoni, likaona hali ilivyo, likarudi lilikotoka.

"Afande, hita ni waya tu. Umesokotwa mithili ya springi, umelazwa kwenye mifereji ya kigae. Umeme unataka kupita, waya unabisha, na kwenye ubishi huo ndipo joto linapopatikana. Ubishi wenyewe sisi tunauita ukinzani. Unapimwa kwa omu."

"Unapimwaje?"

"Ukiwa na mita, zima umeme, gusisha vijiti viwili kwenye ncha mbili za waya, soma. Kama kitu kinafanya kazi na hutaki kukifungua, unapima volti na ampea. Volti ni msukumo. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Volti ukigawanya kwa ampea, umepata omu. Volti ukizidisha kwa ampea, umepata wati, yaani ukali wa lile joto."

"Na kabati la dobi?"

"Volti mia mbili na arobaini. Ampea sita."

Inspekta aligawanya kwa mkono kwenye daftari, akafuta, akagawanya tena. "Omu arobaini."

"Arobaini. Zidisha sasa."

"Mia mbili na arobaini mara sita. Wati elfu moja mia nne na arobaini."

"Ndizo hizo. Joto la kukausha shati, si la kuchoma mtu. Nikaweka fyuzi ya ampea kumi. Zikipita hapo, inakatika, kabati linazima."

"Hiyo kazi ni ya miezi mitatu iliyopita. Tarakimu zote hizo unazikumbukaje?"

"Sizikumbuki, nimeziandika. Kila kazi ninayomaliza nakwaruza kwa msumari ndani ya mfuniko wa boksi la fyuzi. Volti, ampea, fyuzi. Fundi atakayekuja baada yangu ajue alichokikuta."

"Kwenye maelezo yako hakuna hilo."

"Nilimwambia aliyenikamata. Akasema nikahubiri mahakamani." Alipandisha suruali. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. "Nyumbani kwangu wamevunja madirisha. Mke wangu amekimbilia kwa dada yake. Afande, mimi nimefunga hita zaidi ya mia mbili. Kama nimeua, niambiwe nimeua vipi. Nitaubeba mzigo wangu. Lakini niambiwe vipi."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Saa tatu na nusu. Alikwenda stoo ya vielelezo, akasaini kitabu, akatoka na mita ya fundi, iliyokuwa imepewa lebo ya kielelezo namba tatu. Fundi alimweleza vitufe vyake kupitia nondo za mahabusu, neno kwa neno, akimrudisha kila alipokosea.

"Waya wa hita umezaliwa kwa ajili ya moto," alisema mwishoni. "Kabati litaungua, wenyewe utabaki. Kaupime. Ila kabla hujapima chochote, gusisha vijiti vyenyewe kwa vyenyewe. Mita isome sifuri. Isiposoma sifuri, usiiamini."

*

Duka la dobi lilikuwa na sehemu mbili. Mbele ni ofisi, yenye kaunta, feni ya darini na redio ndogo. Moto haukufika huko. Nyuma ni chumba cha pasi, chenye mlango mmoja na dirisha moja la nondo. Kabati la kukaushia, au tuseme mifupa yake ya chuma, lilisimama ubavuni mwa mlango. Mtu aliyekuwa ndani hakuwa na pa kupita ila mbele ya ule moto. Kwenye nondo za dirisha palikuwa na alama za viganja kwenye masizi, nyingi, zimepandana. Inspekta alizitazama Jumatatu na hakutaka kuzitazama tena.

Mwenye duka alimfuata nyuma akiwa na leso puani. Wafanyakazi walimwita Bwana Kola, kwa jinsi kola yake ilivyosimama wima hata siku ya msiba.

"Sasa tena mnatafuta nini, Inspekta? Si mnaye mtu wenu?"

"Nakagua tu. Boksi la fyuzi ni lipi?"

Lilikuwa ukutani kwenye ujia wa kwenda ofisini, limeungua upande mmoja. Alilifungua, akapangusa mfuniko kwa ndani kwa kitambaa chenye maji. Masizi ya juu yalitoka. Masizi yaliyoingia ndani ya mikwaruzo yalibaki, na kwa hiyo tarakimu zilisomeka vizuri: 240, kisha 6, kisha 10.

"Mtu anaweza kuandika anachotaka," alisema Bwana Kola.

"Anaweza. Lakini hii imeandikwa kabla ya moto. Angekwaruza baada ya moto, mikwaruzo ingeng'aa."

Bwana Kola alikohoa. "Mimi si fundi. Ninachojua umeme ulipanda. Siku hiyo umeme ulipanda sana."

"Ulipanda kiasi gani?"

"Sana."

Inspekta alifungua daftari. Hesabu zilianza kumnogea, jambo ambalo hangelikubali mbele ya mtu yeyote. "Hita ya fundi ilikuwa na omu arobaini. Ili ipitishe zaidi ya ampea kumi na kukata fyuzi, msukumo ulitakiwa uwe zaidi ya kumi mara arobaini. Volti mia nne. Hebu tuingie ofisini."

Ofisini feni ilikuwa ikizunguka. Redio ilikuwa ikisoma habari kwa sauti ya chini.

"Hivi vilikuwa vimewashwa Jumatatu?"

"Vinawashwa kila siku."

"Vinatumia laini hii hii?"

"Ndiyo hii."

"Na vimepona. Volti mia nne zingeingia humu, Bwana, redio hiyo ungeizoa kwa ufagio." Alichomeka vijiti kwenye soketi, vidole vikiwa nyuma kabisa ya plastiki kama alivyoonywa. Mita ilisoma mia mbili thelathini na tisa. "Umeme haukupanda. Tuliache hilo."

Akarudi chumba cha nyuma, akazima umeme kwenye boksi, akapiga magoti mbele ya kabati, akaondoa majivu ya mashuka kwa mkono. Kigae cha hita kilikuwa chini, kimeingia ufa lakini hakijavunjika. Waya ulikuwa umelala kwenye mifereji yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwa macho hakuna kilichopungua. Aligusisha vijiti vyenyewe kwa vyenyewe, sifuri. Akavigusisha kwenye ncha mbili za waya.

Kumi na sita.

Akadhani amekosea. Akakwangua ncha kwa kisu, akapima tena. Kumi na sita. Akarudi kwenye sifuri, akapima mara ya tatu, na mita haikubadili kauli.

Fundi aliacha omu arobaini. Moto uliacha kumi na sita. Mtu alikuwa ameingia katikati.

Alikaa chini kwenye majivu, sare na yote, akagawanya. Mia mbili na arobaini kwa kumi na sita: ampea kumi na tano. Mia mbili na arobaini mara kumi na tano: wati elfu tatu na mia sita. Kabati lililozoea wati elfu moja mia nne na arobaini lilikuwa limepewa mara mbili na nusu ya hizo, ndani ya sanduku lililofungwa, lililojaa mashuka.

"Kumi na tano," alisema kwa sauti. "Na fyuzi ilikuwa ya kumi. Bwana Kola, njoo hapa."

Alikwenda kwenye boksi akakichomoa kishikio cha fyuzi, kipande cha kigae chenye skrubu mbili, akakiweka kiganjani. Kati ya skrubu palikuwa na waya mnene wa shaba, nyuzi kadhaa zimesokotwa pamoja.

"Huo aliuweka fundi," alisema Bwana Kola haraka.

"Tazama chini yake. Unaona hivi vidoadoa vinavyong'aa? Ni shaba iliyoruka. Fyuzi nyembamba ilikatika hapa, ikarusha. Kama waya huu mnene ungekuwepo tangu mwanzo, usingekatika kamwe, na vidoadoa visingekuwepo. Kwanza kulikuwa na wa fundi. Ukakatika. Ndipo ukaja huu."

"Sijui."

"Kule ofisini, juu ya kabati la mafaili, kuna pasi mbovu. Waya wake umekatwa shibiri moja. Tuulete huku tuhesabu nyuzi?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bwana Kola iliishia pale pale kwenye majivu. Leso ilishuka kutoka puani.

"Ilikatika mara mbili," alisema. "Kabla ya saa nne ilikatika mara mbili. Ya kwanza nikaweka waya wa akiba alioacha fundi. Ikakatika tena. Mashuka ya hoteli yalikuwa yanasubiriwa saa sita, gari lao lilikuwa linakuja. Nikaona nitafute waya usionisumbua."

"Fundi yuko mtaa wa pili. Hukumwita."

"Kulikuwa na mashuka themanini."

"Na marehemu? Alisema lolote?"

Bwana Kola alitazama sakafu. "Alisema, bosi, leo kabati linachoma. Nikamwambia afungue dirisha."

Inspekta alimtazama kwa chuki, akaacha chuki ikae usoni mpaka yule mtu akaiona. Kisha akamwomba ayarudie maneno hayo mbele ya koplo aliyekuja naye, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwonya kwamba yanaandikwa na yanaweza kutumika dhidi yake, na koplo akayaandika.

Lakini Bwana Kola aliharibu fyuzi tu. Hakuugusa waya wa hita; hakujua hata unafunguliwa wapi, na alipoulizwa nani mwingine aliingia chumba kile, alisema fundi hakurudi tangu miezi mitatu iliyopita. Jumamosi kabati lilikausha bila tatizo. Jumapili duka lilifungwa.

"Funguo anazo nani?"

"Mimi, na yeye marehemu. Ndiye aliyekuwa akifungua Jumatatu asubuhi."

Inspekta aliinama tena kwenye kigae. Ncha moja ya waya ilikuwa imezungushwa kwenye skrubu, kazi safi ya fundi umeme. Ncha ya pili ilikuwa imebanwa kwa kipande kidogo cha bati, kimekunjwa mara mbili, kikapigwa nyundo kikawa bapa, bila gundi wala risasi ya kulehemu. Mkunjo ule aliwahi kuuona. Jikoni kwake alikuwa na jiko la mkaa, na kishikio cha mlango wake kilikuwa kimebanwa hivyo hivyo.

"Koplo," alisema, "kipige picha hiki kabla sijakitoa."

*

Karakana ya Mzee Majiko ilikuwa kibanda cha mabati chenye upande mmoja wazi, majiko yamepangwa kwa ukubwa kuanzia la chai mpaka la kupikia watu mia. Alikuwa ameketi juu ya kigoda akigonga ukingo wa jiko, nyundo ikipanda na kushuka bila haraka. Alipomwona Inspekta alisimama, akapangusa kigoda kwa kofia yake na kumpa.

"Amekiri?"

"Kaa wewe, baba. Mimi nimekaa sana leo." Alitoa mfuko wa plastiki wenye kile kipande cha bati. "Hii ni kazi ya nani?"

Mzee Majiko alikishika kwenye mwanga, akakigeuza. Hakusita hata kidogo.

"Yangu. Mkunjo huu hapa mjini ninao peke yangu. Baba yangu ndiye aliyenionyesha. Umeutoa wapi?"

"Kwenye hita ya dobi."

"Ndiyo, nilibana waya pale. Jumapili."

Alilisema kama mtu anayesema alinunua sukari. Inspekta alifungua daftari.

"Nieleze hiyo Jumapili."

"Mke wangu alikuwa na shinikizo la damu. Daktari alimkataza joto. Na kile chumba, mwanangu, ulikiona. Alimwomba yule bwana wake mara tatu kabati lipunguzwe moto, akaambiwa kama hawezi kazi aseme. Basi Jumapili tukaenda wote, yeye na ufunguo, mimi na koleo. Nikazima umeme, hilo nalijua. Nikafungua. Nikaona waya ni mrefu mno, umejaa kote. Nikakata zaidi ya nusu. Uliobaki nikauvuta ukajaa mifereji yote tena, ili bosi wake asigundue."

"Kwa nini ulikata?"

Mzee Majiko alimtazama kwa mshangao kidogo, kama anayeulizwa kwa nini watu hufunika chungu. "Nipunguze moto. Jiko ukilitia mkaa nusu, linatoa joto nusu. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na mbili."

"Mbona hukutuambia?"

"Kuwaambia nini? Nilijua nimepunguza. Usiku silali, najiambia: mume wake alipunguza kwa kadiri alivyoweza, na bado ubaya wa yule fundi ukashinda. Nisingekata, labda angeondoka mapema zaidi." Akaokota nyundo, akaiweka chini tena. "Hilo ndilo linalonipa nguvu ya kuja pale kwenu kila asubuhi."

"Kipande ulichokata kiko wapi?"

Alionyesha kwa kidevu. Kwenye jiko kubwa pembeni, mlango wa majivu ulikuwa umevutwa na springi ya waya, ili ujifunge wenyewe.

"Ni waya mzuri," alisema. "Nikaona nisiutupe."

Inspekta alimwonea huruma hadi akatamani mita iwe mbovu. Aligusisha vijiti vyenyewe kwa vyenyewe. Sifuri. Akaitoa springi kwenye mlango, akagusisha ncha zake.

"Inasemaje?" aliuliza Mzee Majiko.

Angeweza kumwambia haisemi kitu. Angeweza kuandika ripoti yake kwa lugha ya ofisi na kumwacha mzee huyu aishi na uongo wake mwema mpaka siku ya mahakama, amsikie wakili mgeni akiisoma ripoti hiyo mbele ya watu. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi.

"Inasema ishirini na nne, baba. Ule uliobaki kwenye kabati ni kumi na sita. Jumla arobaini. Ndivyo fundi alivyoacha."

"Kwa hiyo niliondoa ishirini na nne. Zaidi ya nusu, si nilikwambia?"

"Uliondoa ishirini na nne za ubishi. Waya huu si mkaa, baba. Kazi yake ni kuuzuia umeme. Ukiwa mrefu unauzuia sana, umeme unapita kidogo. Ukiwa mfupi..." Alitafuta neno lingine, hakulipata. "Ukiwa mfupi hauzuii. Umeme unapita mwingi."

Macho ya Mzee Majiko yalikuwa kwenye ile springi.

"Ulikuwa mwingi kiasi gani?"

"Zilikuwa ampea sita. Zikawa kumi na tano."

"Na joto?"

"Baba, si lazima..."

"Mimi ni fundi, mwanangu. Joto lilikuwa ngapi, likawa ngapi?"

Akamwonyesha daftari. Mzee Majiko alikuwa anajua kusoma tarakimu. Miaka thelathini na mbili ya kupima mabati ilimfundisha. Aliweka kidole kwenye elfu moja mia nne na arobaini, akakisogeza mpaka elfu tatu na mia sita, akakirudisha, akakisogeza tena. Nje mtu alisimama kuuliza bei ya jiko la chai, akawatazama, akaondoka bila kuuliza.

"Kumbe nilimwongezea," alisema.

Inspekta alichuchumaa mbele yake. "Sikiliza, baba. Fyuzi ya fundi ilikatika mara mbili asubuhi ile. Ilifanya kazi yake. Yule bwana akaitoa akaweka waya wa pasi. Asingefanya hivyo, mkeo angerudi nyumbani akilalamika kwamba kabati bovu. Leo hii nakwenda kumfungulia mashtaka."

"Mfungulie," alisema Mzee Majiko. "Lakini mkono wa kwanza ni wangu."

Alisimama, akavaa kofia, akatafuta kufuli ya karakana kwenye kila mfuko, wakati ilikuwa ikining'inia mlangoni mbele yake. Inspekta ndiye aliyeifunga.

*

Walifika kituoni saa saba na nusu. Mkuu wa kituo alisoma ukurasa wa koplo na hesabu za Inspekta akiwa amesimama, akauliza mara mbili kama ana uhakika na mgawanyo wake, kisha akachukua kalamu nyekundu na kufuta alichokiandika Jumanne. Fundi Kalamu akatolewa, akarudishiwa mkanda na viatu. Penseli haikuonekana. Alisaini kupokea vitu vyake kwa kalamu ya koplo.

Alipogeuka alimkuta Mzee Majiko amesimama katikati ya mapokezi. Watu waliokuwepo walikaa chonjo, maana siku nne nzima mzee huyu alikuwa ameapa mbele yao nini angemfanya akimpata.

"Fundi," alisema Mzee Majiko. "Nilikata waya wako. Sikukuuliza."

Fundi alimtazama Inspekta, Inspekta akaitika kwa kichwa. Usoni mwa fundi hasira ilikuja kwanza, nayo ilikuwa haki yake. Kulikuwa na madirisha yaliyovunjwa na siku nne za kulala kwenye saruji.

"Ungeniita, mzee," alisema. "Ningekuja bure."

Akatoka, na hakugeuka nyuma.

Kwenye chumba cha maelezo Inspekta aliweka karatasi mpya mezani. Alimweleza Mzee Majiko, kama sheria inavyotaka, kwamba halazimiki kusema neno lolote, na kwamba anaweza kusubiri mpaka apate wakili au ndugu wa kukaa naye.

"Nimenyamaza siku nne bila kujua kwamba nanyamaza," alisema. "Andika."

Akasema yote: ufunguo, koleo, mkunjo wa bati, springi. Hakujipunguzia wala hakutia chumvi. Inspekta aliandika bila kuinua kichwa, akamsomea, akamuuliza kama kuna la kuongeza.

"Lipo moja."

"Sema, baba."

"Andika kwamba tulipokuwa tunarudi Jumapili jioni aliniuliza kama kweli nimeliweza lile kabati. Andika kwamba nilimwambia, kesho utaona tofauti."

Inspekta aliandika hivyo hivyo, akamsogezea karatasi, akamwonyesha mahali pa kuweka saini.